Chuma ndani ya paja la mdogo wako, na mpasuaji wa Kiel aliyekibuni

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako ni ndefu, kwa hiyo naifupisha ili na wengine wafuate. Mdogo wako ni dereva wa bodaboda, aligongwa na gari akavunjika paja la kulia. Amepasuliwa, amewekewa chuma ndani ya mfupa, na siku ya pili mtaalamu wa mazoezi akamsimamisha kwa magongo. Tangu arudi nyumbani kumezuka ubishi. Mjomba wenu kaona video kwenye simu inayodai chuma hicho kilibuniwa na madaktari wa Hitler na kujaribiwa kwa wafungwa wa vita. Mama naye anataka kitolewe mapema iwezekanavyo, kwa sababu mwili wa mtu haukai na nondo. Wewe unauliza: nani alikibuni, habari ya wafungwa ni kweli, na kitolewe lini?

Nianze na hilo la wafungwa, maana naona ndilo linalowanyima usingizi. Mgonjwa wa kwanza hakuwa mfungwa wala askari. Alikuwa mfanyakazi wa karakana ya meli katika mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, aliyevunjika paja karibu na nyonga akaletwa hospitali ya chuo kikuu Novemba 1939. Aliyempasua ni Gerhard Küntscher. Kabla ya hapo mbinu ilikuwa imejaribiwa kwa mbwa. Wafungwa wa vita walikuja kuwekewa chuma hicho baadaye, kwa sababu walikuwa wamevunjika mapaja na hiyo ndiyo tiba waliyopewa hata askari wa Kijerumani wenyewe. Nitarudi hapo, kwa sababu shaka ya mjomba wako haikutoka hewani.

Küntscher alizaliwa Desemba 6, 1900, mjini Zwickau katika jimbo la Saxony. Alisomea udaktari Würzburg, Hamburg na Jena, na mwaka 1930 akaingia idara ya upasuaji ya Chuo Kikuu cha Kiel, chini ya Profesa Wilhelm Anschütz. Hakuoa maisha yake yote. Waliofanya naye kazi wanamkumbuka kwa mzaha na kwa kupenda kuogelea, na kwa jinsi ambavyo hospitali ndiyo ilikuwa nyumba yake.

Jambo moja la miaka yake ya mwanzo pale Kiel linanivutia kuliko yote. Kabla hajagusa msumari wowote (ndivyo tunavyokiita chuma kama cha mdogo wako), alitaka kujua mfupa unabeba mzigo vipi. Alichukua mifupa akaipaka laki, yaani vanishi, ya aina inayokauka ikawa ngumu na nyepesi kupasuka, kisha akaibebesha uzito. Pale mfupa ulipovutika, laki ilichanika mistari mistari, na mistari hiyo ikamwonyesha nguvu inapita wapi: upande gani unanyooshwa, upande gani unabanwa, wapi pana hatari. Mahandisi walikuwa wakitumia njia hiyo kupima vipuri vya mashine. Yeye akaihamishia kwenye paja la binadamu. Matokeo yake aliyachapisha katikati ya miaka ya 1930. Ukiangalia kazi zake zilizofuata, utaona mtu anayeuhesabu mfupa kuwa kitu kinachofanya kazi. Wengi wa wakati wake waliuona kama kijiti kilichovunjika kinachosubiri kugundishwa.

Sasa fikiria hali ilivyokuwa kabla yake. Paja lina misuli mikubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Mfupa ukikatika, misuli hiyo inavuta. Ncha mbili zinapandana na mguu unafupika. Kuufunga hogo peke yake hakusaidii sana, kwa sababu huwezi kuifunga misuli hiyo isivute. Tiba ilikuwa kuvuta mguu: pini inapitishwa kwenye mfupa chini kidogo ya goti, kamba inafungwa, inapita kwenye kapi, na mwisho wa kitanda unaning'inizwa uzito. Mgonjwa analala chali hivyo wiki 6, wiki 12, wakati mwingine zaidi. Wazee wetu wanazijua wodi hizo, na zipo hospitali za wilaya ambazo mpaka leo zinafanya hivyo kwa kuwa ndicho kilichopo. Wengi wanapona. Lakini goti linakakamaa, vidonda vya kulalia vinachimba mgongoni, damu inaganda kwenye mishipa, mzee anapata nimonia na kufa kwa mapafu ilhali aliletwa kwa ajili ya mguu. Na familia nyumbani inakaa miezi mitatu bila mtafutaji.

Njia nyingine ilikuwa kupasua paja, kuufunua mfupa na kuufunga bamba la chuma kwa skrubu. Ilikuwepo, lakini antibayotiki hazikuwepo. Kidonda kirefu cha namna ile kikiingia usaha, mgonjwa alipoteza mguu au maisha.

Wazo la kuingiza kitu ndani ya mfupa wenyewe lilikuwa limepita vichwani mwa watu kabla ya Küntscher, tuseme ukweli. Karne ya 19 kuna Wajerumani na Waswisi waliojaribu vipande vya pembe ya ndovu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ernest Hey Groves wa Bristol, Uingereza, aliwawekea askari fito za chuma ndani ya mapaja yaliyopigwa risasi, maambukizi yakamshinda. Kilichomfungua macho Küntscher ni msumari wa Smith-Petersen, mpasuaji wa Boston, ambao miaka ya 1930 ulikuwa ukitumika kuunga shingo ya mfupa wa paja, pale karibu na kiungo cha nyonga. Wazee waliopigwa msumari ule waliamka kitandani mapema. Küntscher akajiuliza kama shingo ya mfupa inakubali, kwa nini mfupa mrefu usikubali?

Mfupa wa paja ni bomba. Katikati yake kuna mfereji wenye uboho. Küntscher aliamua kuutumia mfereji huo kama njia, akatafuta kitu cha kuujaza kitakachoshika pande zote mbili za mvunjiko bila skrubu. Alichotengeneza ni msumari mrefu, karibu urefu wa paja zima, wa chuma kisichoshika kutu cha aina ambayo kiwanda cha Krupp kilikuwa kimeivumbua mwaka 1912. Ukiukata ukaangalia umbo lake, ni V. Siri iko hapo. Msumari unapogongwa kuingia mahali pembamba, mbawa mbili za V zinabanwa zikaribiane. Chuma kinataka kurudi umbo lake, kwa hiyo kinasukuma kuta za mfereji kutoka ndani. Kadiri mfupa unavyokibana, ndivyo kinavyong'ang'ania. Baadaye alibadilisha V ikawa na umbo la jani lenye mapande matatu, ambalo linashika vizuri zaidi, na huo ndio msumari wa Küntscher uliotapakaa duniani.

Hapa nimtaje mtu ambaye husahaulika. Küntscher hakuwa na karakana. Kila alichowaza kilitengenezwa na Ernst Pohl, fundi wa vifaa mjini Kiel, mtu mwenye kichwa cha uhandisi ambaye alikuwa akiunda pia mitambo ya eksirei. Misumari, nyundo, ndoano za kuutoa msumari, vifaa vya kuelekeza waya, vyote vilipita mikononi mwa Pohl. Yeye mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipata hataza ya skrubu inayoteleza ndani ya bamba kwa ajili ya nyonga iliyovunjika, na mpaka leo tunatumia watoto na wajukuu wa kifaa hicho kila wiki. Kwa maoni yangu, tukimwita Küntscher baba wa tiba hii bila kumtaja Pohl tunamwibia mtu haki yake.

Sehemu ya pili ya ubunifu wake ndiyo naithamini zaidi, na inahusu moja kwa moja kovu la mdogo wako. Mwambie akuonyeshe. Utaona kovu kuu liko juu, pembeni mwa nyonga, wala halipo pale mfupa ulipovunjikia. Au liko gotini, kama wameingilia chini. Küntscher alisisitiza kwamba mvunjiko usifunguliwe. Msumari uingie kupitia ile nundu ya mfupa unayoigusa ukiteremsha kiganja kutoka kiunoni, mbali na palipovunjika. Mguu unavutwa mpaka ncha zilingane, waya mwembamba unatangulia kupita kutoka kipande cha juu hadi cha chini, kisha msumari unafuata juu ya waya. Yote yanatazamwa kwa eksirei ya papo kwa papo. Enzi zile kioo cha eksirei kilikuwa hafifu kiasi kwamba ilibidi taa zizimwe, macho yazoee giza kwanza, na mpasuaji afanye kazi huku mionzi ikimpiga.

Kwa nini ajipe taabu yote hiyo? Kwa sababu mfupa unapovunjika, damu inayovujia pale na utando unaoufunika mfupa ndiyo malighafi ya kuungia. Ukipasua pale, ukamwaga ile damu na kubandua utando, umemnyima mgonjwa dawa yake mwenyewe, na juu ya hapo umefungua mlango wa vijidudu. Küntscher aliliona hilo mapema. Chuma chake hakiungi kitu. Kinashikilia tu, mwili ndio unaunga.

Wenzake hawakumshangilia. Machi 18, 1940 aliwasilisha kazi yake Berlin mbele ya mkutano wa Chama cha Upasuaji cha Ujerumani, na mapokezi yalikuwa baridi. Hofu yao ilikuwa na mantiki. Uboho unatengeneza damu. Ukiusaga kwa chuma, je, mgonjwa hatapungukiwa damu? Uboho umejaa mafuta. Ukiugonga, mafuta yatasukumwa kwenye mishipa na kufika mapafuni. Na ukuta wa ndani wa mfupa unalishwa na mishipa ya mle mle kwenye mfereji. Ukiiua, mfupa utakufa. Küntscher alijibu kwa majaribio yake ya wanyama, yaliyoonyesha mfupa mpya ukiota kwa wingi kuzunguka msumari, na kwa wagonjwa waliokuwa wakitembea. Hoja ya mafuta kwenda mapafuni haikuwa ya kupuuzwa na mpaka leo tunaichunga, hasa kwa majeruhi aliyeumia na kifua. Hoja ya damu ilikufa, maana uboho wa paja ni sehemu ndogo ya kiwanda, na mishipa ya ndani huota upya.

Lorenz Böhler wa Vienna, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mwenye neno la mwisho Ulaya kuhusu mifupa iliyovunjika, aliipokea mbinu hiyo kwa moyo, kisha akapunguza kasi baada ya kuona madhara mikononi mwa madaktari wasiofunzwa. Akaonya kwamba ibaki kwa mvunjiko wa katikati ya paja na kwa mikono inayojua. Nadhani Böhler alikuwa sahihi kwa wakati wake. Msumari wa kwanza ulikuwa mzuri kwa mfupa uliokatika katikati, kwa mkato mfupi usio na vipande vingi. Nje ya hapo ulikuwa unacheza, mguu ukizunguka au kufupika.

Kisha vita. Küntscher alivaa sare akatumwa kama daktari wa jeshi, na sehemu ya muda huo alikuwa Kemi, kaskazini mwa Finland, ambako aliwafundisha wapasuaji wa Kifini. Ndiyo maana Finland ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza nje ya Ujerumani kuijua mbinu hii. Jeshi la Ujerumani liliipenda kwa sababu za kijeshi: askari aliyevunjika paja alisimama baada ya siku chache badala ya kushikilia kitanda miezi.

Marubani na askari wa Marekani na Uingereza waliotekwa wakiwa wamevunjika walitibiwa kwenye hospitali hizo hizo. Waliporudi kwao, madaktari wao walipiga eksirei wakakuta kitu wasichowahi kukiona: ufito wa chuma umejaa paja kuanzia nyonga hadi karibu na goti, na mwenye paja anatembea. Wengine walidhani wafungwa wamefanywa panya wa maabara. Machi 1945 jarida la Time la Marekani likaandika habari ya paja la ajabu la askari mmoja wa namna hiyo. Basi minong'ono ya majaribio kwa wafungwa ni ya zamani, ilianzia kwa madaktari wenyewe waliokuwa wakishangaa picha, na video ya mjomba imeirithi.

Lakini simwambii mjomba kwamba anaota. Majaribio ya mifupa kwa wafungwa yalifanyika kweli katika Ujerumani ile. Kwenye kambi ya Ravensbrück, mwaka 1942 na 1943, mpasuaji Karl Gebhardt na wasaidizi wake waliwapasua wanawake wafungwa, wengi wao kutoka Poland. Waliwavunja mifupa, waliwatoa vipande vya mfupa, misuli na neva, waliwatia vijidudu kwenye vidonda makusudi. Baadhi walikufa, waliobaki waliishi na ulemavu. Gebhardt alishtakiwa Nuremberg katika kesi ya madaktari na akanyongwa Juni 2, 1948. Hukumu ya kesi hiyo, mwaka 1947, ndiyo iliyoandika kwamba binadamu hafanyiwi jaribio bila ridhaa yake mwenyewe, na karatasi ya ridhaa aliyosaini mdogo wako kabla ya kuingia chumba cha upasuaji ina undugu na hukumu hiyo. Gebhardt si Küntscher, na kazi ya Ravensbrück haikuzaa msumari huu. Wala simgeuzi Küntscher malaika: aliishi na kupanda ngazi ndani ya utawala ule, akautumikia jeshini, na hakuwa miongoni mwa waliosimama kuupinga. Mtu anaweza kuyashika yote mawili bila kudanganya lolote.

Baada ya vita Kiel ilikuwa kifusi. Küntscher aliongoza hospitali ndogo ya Schleswig hadi mwaka 1957, kisha akawa mkurugenzi wa hospitali ya bandari ya Hamburg, iliyokuwa mtaa wa St. Pauli kati ya mabaharia na mabaa, hadi alipostaafu mwaka 1965.

Miaka hiyo ndiyo alipomaliza tatizo lililowatoa jasho wapasuaji wote wa mwanzo. Mfereji wa uboho si sawa kote. Una kiuno katikati. Ukichagua msumari mnene unakwama kiunoni. Hebu ifikirie hali hiyo: chuma kimeingia nusu, hakiendi mbele, hakirudi nyuma, mgonjwa yuko mezani, na kila pigo la nyundo linaweza kuupasua mfupa mzima. Ukichagua mwembamba unapita, lakini unalegea, unapinda au unakatika. Dawa aliyoileta miaka ya 1950 ni kekee inayopinda, inayofuata waya ndani ya mfereji na kuutanua kidogo kidogo, nusu milimita kwa nusu milimita, mpaka kiuno kipanuke. Hapo msumari mnene unaingia bila ugomvi. Mbinu hiyo bado tunayo, kekee zetu ni ndugu wa zake.

Hata hivyo heshima ilimponyoka kwa muda. Mwaka 1958 wapasuaji wa Uswisi waliunda kikundi chao, AO, wakaja na mabamba na skrubu zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa pamoja na kozi za kufundishia, na dunia ikawafuata. Antibayotiki zilikuwepo sasa, kufungua paja hakukutisha tena kama zamani. Küntscher alibishana nao na akaonekana mzee mkaidi. Mwaka 1968 alionyesha msumari wenye matundu ya kupitishia skrubu juu na chini, ili hata mfupa uliosagika vipande vipande usizunguke wala kufupika. Hakuufikisha mbali. Klemm na Schellmann huko Frankfurt waliuendeleza na kuuandikia mwaka 1972, kisha Grosse na Kempf wa Strasbourg wakautengeneza vizuri zaidi. Desemba 17 mwaka huo huo wa 1972 Küntscher alikutwa amefariki kwenye meza yake ya kazi huko Glücksburg, akiwa anaandika toleo jipya la kitabu chake cha msumari. Mwaka 1984 madaktari wa Seattle walichapisha mavunjiko 520 ya paja waliyoyatibu kwa njia ya kufunga, bila kufungua palipovunjika: asilimia 99.1 yaliunga, na maambukizi yalikuwa asilimia 0.9. Ubishi wa bamba na msumari kwa paja la mtu mzima ukaishia hapo.

Sasa twende kwa mdogo wako. Picha ya eksirei uliyoituma inaonyesha skrubu mbili juu na mbili chini ya msumari, na msumari wenyewe umejaa, si wa uwazi katikati. Kwa jinsi ulivyo, na kwa kuwa hospitali mliyokwenda ni ya umma, huenda ni msumari wa SIGN. Shirika hilo lilianzishwa na Lewis Zirkle, mpasuaji wa mifupa kutoka Richland, jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1999, kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei ya papo kwa papo ndani ya chumba cha upasuaji. Kazi ngumu kuliko zote kwenye msumari wa skrubu ni kuyapata matundu ya chini, ambayo yamefichwa ndani ya mfupa, nyama na ngozi. SIGN wametatua kwa mkono wa chuma unaofungwa nje ya paja sambamba na msumari, wenye matundu yanayolingana na ya ndani. Unapima nje, unatoboa, kisha unahakikisha kwa kifaa kinachotafuta tundu la msumari kwa kugusa. Unasikia kwa kiganja kikiingia. Daktari anatuma eksirei za kila mgonjwa kwenye hifadhi yao ya kumbukumbu, nao wanarudishia misumari iliyotumika. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, imeitumia kwa miaka mingi na imetoa tafiti juu yake.

Kuna kipimo chao kimoja ambacho ndugu wa mgonjwa hukifurahia. Mgonjwa akirudi kliniki anaombwa achuchumae mpaka chini huku akitabasamu, anapigwa picha. Akichuchumaa kabisa bila kukunja uso, goti lake linafanya kazi na mfupa una uwezekano mkubwa wa kuwa umeshika. Kwa sisi tunaotumia choo cha kuchuchumaa, hicho ni kipimo chenye maana kuliko karatasi nyingi.

Wasimamieni mazoezi ya goti kuanzia sasa, maana goti linakakamaa kwa woga kuliko kwa jeraha. Akanyage kadiri daktari wake alivyomruhusu. Kwa mvunjiko wa katikati wenye skrubu pande zote, mara nyingi ruhusa huja mapema. Mfupa mpya huanza kuonekana kwenye eksirei baada ya wiki kadhaa, na kuunga kabisa huchukua kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Sigara aache, inachelewesha kuunga. Supu ya kongoro anayopikiwa na mama iendelee, haina ubaya, ila aongezewe maharage, mayai na dagaa. Na fundi wa mifupa wa mtaani asimkande paja. Mvunjiko haukufunguliwa ili ile damu na utando vifanye kazi. Akiukandamiza na kuuzungusha anaibomoa kazi hiyo.

Usaha kwenye kovu, homa, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Mguu ukivimba ghafla kwenye shavu la mguu, nyuma chini ya goti, au akapumua kwa shida, msisubiri kuche.

La kutoa chuma sasa. Enzi za Küntscher ilikuwa kawaida kuutoa baada ya mfupa kuunga. Msumari wake ulikuwa na tundu mwishoni la kuingiza ndoano ya kuuvutia. Siku hizi kwa mtu mzima asiye na shida hatuutoi. Mama aelezwe kwamba mwili unakaa na chuma hiki miaka mingi bila taabu, na kwamba kukitoa ni upasuaji mwingine, wenye dawa ya usingizi, gharama, na mfupa unaobaki na matundu ambao unaweza kuvunjika tena akirudi kwenye pikipiki mapema. Tunautoa kukiwa na sababu: maambukizi, maumivu ya nyonga pale kichwa cha msumari kinapokwaruza misuli, au skrubu inayochoma gotini, na mara nyingine skrubu hiyo moja tu ndiyo inatolewa. Kama sababu ni usumbufu tu na si maambukizi, tunasubiri angalau mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na eksirei ionyeshe mfupa umejaa pande zote.

Mwisho, ombeni hospitali iwaandikie kwenye karatasi ya ruhusa aina ya msumari, urefu wake na unene wake. Siku ukitakiwa kutoka, miaka mitano au kumi ijayo, kila aina ina kifaa chake cha kuutolea, na daktari asiyejua ni aina gani atahangaika bure mezani. Karatasi hiyo ipigeni picha muihifadhi kwenye simu, yako na ya mama.